Albamu Inavyojengwa: Bendi ya Queen katika Studio za London

Santuri ya muziki wa roki humpa msikilizaji taswira ya watu wanne au watano waliosimama pamoja chumbani wakipiga wimbo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilhali santuri nyingi mashuhuri zilizotoka London katika miaka ya 1970 zina nyimbo ambazo hazikuwahi kupigwa kwa namna hiyo hata mara moja kabla ya kufika dukani. Nyimbo hizo zilijengwa kipande kwa kipande, ala moja ikirekodiwa leo na sauti ya mwimbaji ikiongezwa juma lijalo, mpaka utepe wa sumaku ukabeba muziki ambao wanamuziki wenyewe wasingeweza kuutoa kwa mkupuo. Bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake alizaliwa Zanzibar, iliufikisha ujenzi huo mbali kuliko bendi nyingi za wakati wake, na ushahidi wa wazi ni kwamba katika maonyesho yake ilikuwa ikiondoka jukwaani katikati ya wimbo wake maarufu kuliko zote, "Bohemian Rhapsody", ikauacha utepe uimbe sehemu ya kati, kwa kuwa sehemu hiyo haikuwa na namna ya kuimbwa na watu wanne.

Utaratibu huo unaeleweka vizuri zaidi ukiwekwa karibu na ule uliozoeleka katika Afrika Mashariki. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni iliyotumia nembo ya His Master's Voice, mwimbaji na wapigaji walikusanyika mbele ya mitambo wakatoa wimbo mzima, na urefu wa wimbo ukaamuliwa na nafasi iliyokuwapo kwenye upande mmoja wa santuri, yaani dakika tatu na ushei. Karibu nusu karne baadaye, bendi za dansi zilizorekodi katika Redio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa bado zikipiga kwa pamoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, na mmoja akikosea hurudia wote. Uhodari wao ulikuwa wa mazoezi na wa ukumbini, kwa maana wimbo uliingia studio ukiwa umekwisha kukomaa mbele ya wachezaji, na kazi ya fundi mitambo ilikuwa kuupokea kama ulivyo. Hakuna sababu ya kuuona utaratibu huo kuwa duni. Rekodi za wakati ule zina uhai ambao prodyuza wa leo mwenye kompyuta huutafuta kwa taabu.

London, kwa upande wake, ilikuwa imeingia katika zama za utepe wa njia nyingi. Huu ni utepe mpana ambao eneo lake la sumaku limegawanywa kwa urefu katika mistari inayojitegemea, kila mstari ukipokea sauti yake, hivyo mpiga gitaa anaweza kusikiliza ngoma zilizorekodiwa jana na kuongeza gitaa lake bila kuzigusa. Beatles waliitengeneza albamu ya Sgt. Pepper mwaka 1967 kwa mashine za njia 4 tu, na mwaka uliofuata walikwenda Trident, studio iliyokuwa kwenye uchochoro wa St Anne's Court mtaani Soho, kurekodi "Hey Jude" kwa mashine ya njia 8. Kufikia mwaka 1975 studio kubwa za jiji hilo zilikuwa na mashine za njia 24, zilizotumia utepe wenye upana wa inchi 2. Kila njia iliyoongezeka ilimpunguzia mtunzi ulazima wa kuamua mapema, na pengine hilo ndilo badiliko kubwa kuliko ubora wa sauti wenyewe, kwa sababu mtunzi sasa aliweza kuingia studio na nusu ya wimbo, akautafuta uliobaki akiwa humo humo.

Farrokh Bulsara, ambaye baadaye alijiita Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, baba yake Bomi akiwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano, akaimba kwaya na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963, lakini baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London. Wapo wanaosikiliza nyimbo zake wakitafuta humo athari za taarabu, na hamu hiyo inaeleweka, ila ni vigumu kuionyesha kwa noti. Kilicho dhahiri zaidi ni piano ya shuleni na kwaya, yaani mazoea ya kuimba kwa sauti kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, mazoea ambayo miaka ishirini baadaye yalijaza tepe kwa tepe.

Katika Feltham hiyohiyo, kwenye nyumba isiyo mbali na ya akina Bulsara na bila familia hizo kujuana, aliishi Brian May, kijana ambaye mwaka 1963 alianza kuunda gitaa lake la umeme pamoja na baba yake, wakitumia mbao za fremu kuukuu ya mahali pa kuotea moto. May alisoma fizikia katika Imperial College, akaunda bendi ya Smile pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno. Bulsara, aliyehitimu usanii wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing mwaka 1969 na kuuza nguo pamoja na Taylor katika soko la Kensington, alikuwa kwanza shabiki wa Smile, kisha mwaka 1970, mwimbaji wake alipoondoka, akachukua nafasi hiyo na kuipa bendi jina jipya. John Deacon, mpiga gitaa la besi na mwanafunzi wa elektroniki, alijiunga mwaka 1971. Elimu hiyo ya wanne si pambo la wasifu tu, kwa maana bendi iliyokuwa na mwanafizikia na fundi wa elektroniki haikuiogopa mitambo, wala haikuwaachia mafundi peke yao waamue kipi kinawezekana.

Tatizo la bendi changa lilikuwa saa za studio, ambazo zilikodishwa kwa bei isiyofikika. Queen walizipata kwa njia mbili za pembeni. Kwanza, mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya Wembley na ilihitaji bendi yenye makelele ili kupima kama sauti ya chumba kimoja inavuja kwenda kingine. Queen walipiga makelele hayo, na malipo yao yakawa rekodi ya majaribio ya nyimbo tano. Pili, wamiliki wa Trident walipowachukua, waliwapa saa zilizobaki baada ya wateja wanaolipa kwenda nyumbani, mara nyingi usiku wa manane hadi alfajiri. Albamu ya kwanza, iliyoitwa Queen tu na kutolewa Julai 1973, ilitengenezwa hivyo, kwa vipande vya muda vilivyotapakaa, na kwa kuwa ilichelewa sana kutoka, bendi ilikuwa imekwisha kuipita kimawazo. Ya pili, Queen II ya Machi 1974, ilipewa muda uliopangwa rasmi, nayo ndiyo inayoonyesha kwa mara ya kwanza nia halisi ya bendi hiyo, ambayo ni kulundika tabaka za sauti na magitaa mpaka zisikike kama kundi zima la okestra. Aliyewaongoza katika kazi hiyo ni mtayarishaji Roy Thomas Baker, yaani mtu anayesimamia namna wimbo unavyorekodiwa na sura utakayokuwa nayo mwishoni, pamoja na fundi sauti Mike Stone.

Utunzi wenyewe haukuwa wa mtu mmoja, ingawa hadithi zinazopendwa humpa Mercury karibu kila kitu. Wote wanne waliandika nyimbo, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Mercury alitungia kwenye piano. May ameeleza kwamba mwenzake alikuwa akifika na vijikaratasi kutoka kazini kwa baba yake, vimeandikwa herufi za vikundi vya noti zinazobonyezwa kwa pamoja, ambavyo wanamuziki huviita kodi, bila mistari ya muziki wa kusomwa. Kwa kawaida muziki kwake ulitangulia maneno, na "Killer Queen" ya mwaka 1974, ambayo maneno yake yalikuja kwanza, aliitaja mwenyewe kuwa tofauti na desturi yake. Deacon, aliyeandika kwa nadra na kimya kimya, alijifunza piano ya umeme aina ya Wurlitzer ili kutunga "You're My Best Friend", akaipiga mwenyewe katika rekodi kwa vile Mercury hakuipenda ala hiyo. Taylor aliandika nyimbo za kasi na aghalabu aliziimba mwenyewe. May alikuwa mtu wa mawazo marefu yanayochelewa kukamilika, na wimbo wake "The Prophet's Song", unaozidi dakika nane, ulitokana na ndoto.

Albamu ya tatu, Sheer Heart Attack, ilionyesha kwa bahati mbaya namna ujenzi huo unavyoweza kuendelea hata nguzo moja isipokuwapo. May aliugua homa ya ini wakati wa ziara ya Marekani mwaka 1974, kisha akalazwa tena kwa vidonda vya tumbo, na wenzake hawakusubiri. Walirekodi piano, besi, ngoma na sauti, wakaacha mapengo yenye urefu uliokadiriwa kwa ajili ya magitaa yake, naye aliporudi akayajaza. Bendi inayopiga kwa pamoja isingeweza kufanya hivyo. Mpiga gitaa aliyejaza mapengo hayo alikuwa na vyombo vyake vya pekee, likiwamo lile gitaa la nyumbani, alilolipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki, na kipaza sauti kidogo cha betri ambacho Deacon alikiunda kwa saketi aliyoiokota kwenye takataka za mtaani. Kwa vyombo hivyo May alirekodi mstari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiigiza ala tofauti, na katika wimbo "Good Company" alitengeneza bendi nzima ya jazi yenye tarumbeta, klarineti na tromboni bila mpuliza ala hata mmoja kuingia chumbani. Kwa miaka kadhaa majalada ya albamu zao yalibeba tangazo kwamba hakuna sintesaiza iliyotumika, tangazo lililochanganya fahari na kero ya watu wasioaminiwa.

Kazi ya mwaka 1975 ndiyo iliyokusanya yote hayo. Albamu ya A Night at the Opera ilirekodiwa kuanzia Agosti hadi Novemba katika studio kadhaa, zikiwamo Olympic ya Barnes, Roundhouse, Scorpio, Lansdowne na Sarm za London, pamoja na Rockfield iliyo shambani huko Wales, mara nyingine mwanachama mmoja akiwa studio hii na mwenzake ile, kila mmoja akimalizia wimbo wake. Gharama yake hutajwa kuwa takriban pauni 40,000, na wakati huo ilisemekana kwamba hakuna albamu iliyowahi kugharimu zaidi. Bendi ilikuwa imetoka katika mgogoro wa fedha na Trident na kupata meneja mpya, John Reid, na bila mauzo makubwa isingekuwa na njia ya kuendelea, hali inayofanya ujasiri wa wimbo ulioitangulia albamu hiyo uonekane karibu na uzembe.

"Bohemian Rhapsody" una dakika 5 na sekunde 55, wakati redio za Uingereza zilizoea nyimbo za dakika tatu, na hauna kiitikio kinachorudiwa. Mercury alikuwa na ramani yake kichwani na kwenye karatasi. Rasimu zilizouzwa na Sotheby's mjini London mnamo Septemba 2023, kwa pauni 1,379,000, zimeandikwa kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland, na mojawapo ina kichwa "Mongolian Rhapsody", neno la kwanza likiwa limekatwa. Baker amesimulia kwamba Mercury alimpigia mwanzo wa wimbo kwenye piano nyumbani kwake, akasimama ghafla na kumwambia kwamba hapo ndipo sehemu ya opera itakapoingia, kisha wakaenda kula chakula cha jioni. Huko Rockfield piano, besi na ngoma zilirekodiwa kwanza kama kiunzi, huku sehemu ya kati ikiachiwa utepe mtupu wa sekunde thelathini hivi, na utepe huo ukawa unarefushwa kila Mercury alipokuja na wazo jingine.

Sehemu hiyo peke yake ilichukua takriban wiki tatu, kwa siku za kuimba zilizofikia saa kumi au kumi na mbili. Waimbaji walikuwa watatu, May akichukua sauti za chini, Mercury za kati, na Taylor zile nyembamba za juu kabisa ambazo kwa mwanamume huhitaji kulazimishwa kupita koo la kawaida. Waliimba mstari mmoja kwa pamoja, wakaurudia juu ya uleule ili unenepe, wakahamia mstari wa pili wa sauti ileile, na njia 24 zikajaa upesi. Hapo ndipo ilipohitajika mbinu ya kunakili, ambayo sauti za njia kadhaa huunganishwa na kuhamishiwa njia moja au mbili, zile za awali zikaachwa wazi kupokea sauti mpya. Mbinu hii ina gharama mbili zisizokwepeka: sauti zilizokwisha kuunganishwa haziwezi kutenganishwa tena, kwa hiyo kosa lililofichika humo hubaki milele, na kila nakala huongeza mvumo na kupunguza ung'avu. Katika wimbo huu idadi ya sauti zilizopandikizwa hutajwa kuwa 180, na baadhi ya vipande vilifikia nakala ya kizazi cha nane. Utepe ulipita mbele ya vichwa vya mashine mara nyingi kiasi kwamba poda yake ya sumaku ilianza kupukutika, na wanabendi wamesimulia kwamba ulikuwa ukipenyeza mwanga ukiinuliwa mbele ya taa. Vipande vilikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa utepe wa gundi, kazi ambayo Baker hakuwa mgeni nayo, wala hakuwa mgeni wa opera, maana katika ujana wake kwenye kampuni ya Decca alishiriki kurekodi kundi la D'Oyly Carte.

Uchanganyaji wa mwisho, ambao ni upangaji wa viwango vya kila njia ili zote zitoke katika spika mbili, ulifanyika Sarm, karibu na Aldgate mashariki mwa jiji. Singo ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975 baada ya mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio kuucheza wimbo huo mara kumi na nne katika wikiendi moja, kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, na ilikaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki tisa.

Upande wa pili wa singo hiyo ulibeba wimbo wa Taylor, "I'm in Love with My Car", na jambo hili linaloonekana dogo ndilo lililoacha kinyongo kirefu kuliko ubishi wowote wa kisanii. Mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kwa kila nakala inayouzwa, uligawanywa sawa kwa pande zote mbili za santuri, hivyo mtunzi wa wimbo ambao wanunuzi wengi hawakuuomba alilipwa sawa na mtunzi wa ule walioufuata dukani. May amekiri kwamba masuala ya nani ameandika nini yaliwagombanisha sana. Mfumo wa kumwandikia kila mtu wimbo wake ulikuwa na faida pia, kwani ulimpa kila mmoja sababu ya kuandika, na ni bendi chache ambazo wanachama wote wametunga nyimbo zilizovuma kimataifa. "Another One Bites the Dust" ya mwaka 1980, iliyoshika namba moja Marekani, ni ya Deacon aliyekuwa mkimya kuliko wote. Hata hivyo, mfumo huo uliufanya uteuzi wa nyimbo za albamu, na zaidi ule wa singo, kuwa ugomvi wa mapato uliovaa joho la sanaa. Ulikomeshwa na albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, ambayo nyimbo zake zote ziliandikwa jina la Queen bila kutaja mtu, na wanabendi walisema kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi zaidi kuamua kwa kuangalia ubora.

Wakati huo Mercury alikuwa mgonjwa, na utaratibu wa kurekodi kwa vipande ukapata matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria Soho mwaka 1972. Innuendo, iliyotoka Februari 1991, ilirekodiwa Metropolis, magharibi mwa London, na Mountain, studio ambayo bendi iliinunua mjini Montreux, Uswisi, mwaka 1979. Baada yake Mercury aliendelea kuimba Montreux kila aliposikia ana nguvu, akiomba aandikiwe chochote, huku wenzake wakiweka mdundo wa mashine ya ngoma na kodi chache ili sauti yake ipate pa kushikilia. Alifariki nyumbani kwake Kensington tarehe 24 Novemba 1991. Kwa kuwa sauti yake ilikuwa kwenye njia zake yenyewe, imetengwa na vyombo vingine, wenzake watatu waliweza kuizungushia ngoma, besi na magitaa mapya, na pale nyimbo zilipopungua walichukua sauti alizozirekodi kwa albamu yake binafsi ya mwaka 1985, wakauondoa muziki wa awali na kujenga mwingine. Albamu iliyotokana na kazi hiyo, Made in Heaven, ilitoka Novemba 1995 na kushika namba moja Uingereza. Ndani yake mna "Mother Love", wimbo wa mwisho ambao Mercury aliurekodi, mnamo Mei 1991. Hakuwahi kurudi kuimba ubeti wake wa mwisho, na ubeti huo umeimbwa na May.